Bastola ya mfukoni ikikwama, sebule si karakana

WAKAZI wa Nyarutarama tuna neema ambayo wenzetu wa miji mingi ya Afrika Mashariki wanaisikia tu. Usiku kuna irondo, kuna polisi kwenye barabara kubwa, kuna walinzi wa kampuni binafsi kwenye mageti, na namba ya polisi, 112, haina haja ya vocha. Pamoja na hayo yote, wapo miongoni mwetu wanaoona hawajakamilika bila bastola ndogo ya mfukoni. Leo sitabishana nao kuhusu imani hiyo. Nataka kuzungumzia jambo ambalo hawapendi kulisema mbele ya watu, nalo ni kwamba bastola hizo zinakwama.

Nalijua hili kwa sababu wanakuja kuniuliza. Sehemu ya ujana wangu niliitumia katika ghala la silaha, nikifundisha vijana kufungua, kusafisha na kufunga silaha, na habari za aina hiyo hazifichiki mtaani. Kigali ya leo ina wafanyabiashara waliotoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Goma na Bukavu, na baadhi yao wana vibali vya kumiliki bastola huko kwao. Swali lao ni lilelile: "Mzee, bastola yangu inapiga risasi ya kwanza vizuri, ya pili haiingii chemba. Nifanyeje?" Ukiwadodosa kidogo unakuta wengi wameshaanza kufanya. Mmoja amepitisha msasa ndani, mwingine amemwaga mafuta ya gari, wa tatu ameivuta springi ya magazini kwa koleo ili irefuke.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtu asiyejua kwa nini bastola yake inakwama, na asiye na mahali halali pa kuijaribu, hastahili kuendelea kukaa nayo nyumbani. Na mamlaka zinazotoa vibali, hapa na kwa majirani, zingefanya jambo la maana kumuuliza mmiliki swali hilo kabla ya kumwongezea muda.

Kwanza sheria, maana bila sheria hakuna mazungumzo. Hapa Rwanda umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria namba 56/2018 ya Agosti 13, 2018, na raia hawezi kukaa na bastola bila kibali cha mamlaka husika. Nchi iliyopita katika yale ya mwaka 1994 ina kila sababu ya kutofanya mzaha na silaha mikononi mwa watu. Aliyevuka Rusumo, Gatuna au Kagitumba na bastola kiunoni bila idhini ya mamlaka za Rwanda, akitegemea leseni ya kwao, huyo tatizo lake la kwanza si risasi kukwama. Nchi zetu nyingi zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, lakini itifaki hiyo haikugeuza leseni ya nchi moja kuwa pasipoti ya nchi zote. Kwa hiyo maneno yangu yanawahusu wenye vibali halali mahali wanapovitumia. Mwingine yeyote dawa yake ni moja: aikabidhi polisi.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Bastola ndogo si kitu kipya. Mmarekani John Browning aliibuni ile ya milimita 6.35 iliyotengenezwa Herstal, Ubelgiji, na kujulikana kama modeli ya 1906. Urefu wake ni kama sentimita 11 na nusu tu, inaingia katika mfuko wa koti na kusahaulika. Tangu wakati huo viwanda vimezitoa kwa maelfu, za milimita 6.35, za 7.65, na za 9 fupi, ile risasi iliyoingia sokoni mwaka 1908. Kinachowavutia wanunuzi ni udogo, na udogo huohuo ndio chanzo cha matatizo yao.

Tazama kinachotokea kila unapofyatua. Nguvu ya baruti inarusha kichwa cha risasi mbele, na wakati huohuo inasukuma nyuma ile sehemu ya juu inayoteleza, ambayo mafundi huiita slaidi. Slaidi inaporudi nyuma, kulabu ndogo inavuta ganda tupu kutoka chemba na ganda linarushwa nje. Kisha springi inairudisha slaidi mbele, nayo njiani inaisukuma risasi mpya kutoka juu ya magazini, inaipandisha kwenye kijiteremko cha chuma kilicho chini ya mdomo wa chemba, na kuitia ndani. Yote hayo yanamalizika kabla hujapepesa jicho.

Katika bastola kubwa ya askari kazi hiyo ina nafasi. Slaidi ni nzito, safari yake ni ndefu, na springi ya magazini ina muda wa kuinua risasi inayofuata. Katika bastola ya mfukoni kila kitu kimefupishwa. Slaidi ni nyepesi, springi yake ni ngumu, safari ni fupi, na risasi inapanda chemba kwa mwinuko mkali. Hitilafu ndogo ambayo bastola kubwa ingeimeza bila kutetereka, hii ndogo inakwama nayo. Anayenunua bastola ya mfukoni kwa kudhani ni rahisi kuitunza kwa vile ni ndogo, amedanganyika.

Je, hitilafu zenyewe ni zipi? Kwa uzoefu wangu, mshitakiwa wa kwanza ni magazini. Ile midomo miwili ya juu inayoshikilia risasi ikipinda hata kidogo, kwa kuangushwa sakafuni au kukaliwa, risasi inatoka ikiwa imeelekea pasipo. Springi ikichoka, risasi haipandi kwa wakati na slaidi inapita juu yake bila kuichukua. Vumbi likijaa ndani, kile kibao kinachosukuma risasi kinasita katikati. Na wakati mwingine magazini haijaingia mpaka mwisho. Mwenyewe ameisukuma kwa upole kama anayefunga droo, hakusikia mlio wa kushika.

Ndiyo maana jeshini tulikuwa tukiandika namba kwenye kila magazini. Bastola ikikwama, unaandika ni magazini ipi. Ikikwama mara tatu, na mara zote tatu ni magazini namba mbili, huna haja ya kumtafuta mchawi. Magazini namba mbili inastaafishwa, inatafutwa mpya ya kiwanda kilekile, na bastola haiguswi. Ajabu ni kwamba wengi wanaokuja kwangu wana magazini moja tu, wameipata pamoja na bastola, na hawajawahi hata kufikiria kuwa nayo huchakaa.

Mshitakiwa wa pili ni risasi zenyewe. Bastola ndogo huchagua chakula kama mtoto mgonjwa. Risasi yenye kichwa cha mviringo hupanda kijiteremko kwa urahisi. Ile yenye kichwa kipana kilichotobolewa mbele inaweza kugonga ukingo na kubaki hapo, pua juu. Za milimita 7.65 zina kisa chao. Kitako cha risasi hiyo kina ukingo uliotokeza kidogo kuliko mwili wake. Ukitia risasi fupi kuliko magazini ilivyokusudiwa, zinachezacheza humo ndani, na ukingo wa risasi ya juu unaweza kuteleza ukaenda nyuma ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Hapo zimefungana. Utavuta slaidi mpaka jasho likutoke, haitakwenda.

Lipo jingine ambalo wenye mazoea ya kupakia na kupakua kila siku wanapaswa kulijua. Mtu anatoka asubuhi anakoki, risasi inaingia chemba. Jioni anaitoa, anairudisha juu ya magazini. Kesho hivyo hivyo, risasi ileile. Kila inapogongwa kwenye kijiteremko kichwa chake kinaweza kuzama kidogo ndani ya ganda. Risasi iliyozama inabadilika urefu, kwa hiyo inaweza kukwama, na ubaya zaidi ni kwamba ikifyatuliwa mgandamizo ndani yake unapanda kupita kiasi. Iweke kando ya risasi mpya, ulinganishe kwa macho. Ikiwa fupi, isirudi kwenye bastola. Iende kwa wanaohusika na uteketezaji.

Mshitakiwa wa tatu ni uchafu. Mfuko wa suruali si mahali pasafi. Una nyuzi za nguo, sarafu, makombo na jasho. Kigali nayo, kwa usafi wake wote, ina vumbi jekundu la kiangazi, Juni mpaka Agosti, linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Wengi hujibu vumbi kwa mafuta mengi, na hapo ndipo wanapoharibu. Mafuta mengi yakichanganyika na vumbi yanakuwa tope, na tope ndani ya bastola ndogo ni breki. Matone machache, mahali ambapo kitabu cha mtengenezaji kimeelekeza, yanatosha. Ndani ya magazini pakavu panafaa zaidi.

Mshitakiwa wa nne hapendi kutajwa, kwa sababu ni mwenye bastola. Ili slaidi irudi nyuma sawasawa, kiwiko na kifundo cha mkono vinapaswa kuwa imara. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, nguvu inapotea, ganda halitoki au risasi mpya haichukuliwi. Bastola ndogo ina mpini mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika, na wepesi wake unaifanya ipige teke kuliko inavyotarajiwa. Wengine dole gumba lao linagusa slaidi na kuipunguzia kasi. Mpe bastola hiyohiyo mkufunzi, ataipiga magazini nzima bila kukwama. Mwenyewe anakasirika, anadhani amefanyiwa mazingaombwe.

Ukishawahoji hawa wanne na wote wakaonekana hawana hatia, ndipo unafikiria springi ya slaidi, kulabu ya kuvutia ganda, au kijiteremko chenyewe. Na hapo, ndugu msomaji, kazi si yako tena. Ni ya fundi wa silaha anayetambuliwa kisheria. Kijiteremko kikisuguliwa kwa msasa na kubadilishwa mwinuko wake hakirudi kilivyokuwa. Ukikikata zaidi, kitako cha ganda kinakosa egemeo ndani ya chemba, na ganda linaweza kupasuka karibu na uso wako. Springi iliyovutwa kwa koleo itafanya kazi wiki moja, kisha itakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kanuni ya uchunguzi ni ya kawaida, hata fundi baiskeli anaijua: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha magazini, aina ya risasi na mafuta siku hiyohiyo, bastola ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudia kukwama utaanza upya.

Lakini sababu iliyonifanya niandike makala haya si bastola. Ni nyumba. Hebu zitazame nyumba zetu za Nyarutarama. Ndani kuna watoto, kuna yaya, kuna mpishi, kuna mtunza bustani, kuna mgeni aliyekuja kwa ajili ya harusi. Baba anarudi na bastola iliyokwama. Anaiweka juu ya meza ya chakula, anaanza kuivuta, anaigongagonga, amekasirika, na mdomo wa bastola unazunguka chumba kizima kama tochi. Bastola iliyokwama ina tabia mbaya moja: inaonekana imekufa wakati iko hai.

Kosa linaloua ni la mpangilio. Mtu anavuta slaidi kwanza, risasi inatoka, anafurahi. Kisha anachomoa magazini. Hakumbuki kwamba slaidi ilipokuwa inarudi mbele ilichukua risasi nyingine kutoka magazini ile na kuiweka chemba. Sasa magazini iko mkononi, anaamini bastola ni tupu, na bastola nyingi za aina hii hufyatuka hata magazini ikiwa nje. Mpangilio sahihi ni huu, na ningependa uandikwe kwenye kila kibali: kidole nje ya kifyatulio, mdomo wa bastola uelekee mahali ambapo risasi haitamdhuru mtu, magazini itoke kwanza, ndipo slaidi ivutwe zaidi ya mara moja, kisha chemba ichunguliwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Ikiwa slaidi haivutiki, hapo ndipo pa kusimama. Usitumie nyundo wala bisibisi. Ibaki imeelekezwa mahali salama, aitwe mtaalamu.

Na kama ni kwenye uwanja wa shabaha, umefyatua na hakuna mlio, usiigeuze kuichungulia. Iache imeelekea shabaha kwa nusu dakika nzima, kwa maana baruti iliyochelewa inaweza kuwaka baadaye. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikikigonga mtutu unaweza kupasuka.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema bastola si ya kufanyia mazoezi, risasi ni ghali, na wao wanaiweka kwa siku ya shida tu. Hoja hiyo inaanguka yenyewe. Kitu ambacho hakijajaribiwa hakiwezi kutegemewa siku ya shida. Kwangu mimi kiwango cha chini ni risasi 50 za aina ileile utakayobeba, kwa magazini zilezile, kwenye uwanja unaotambuliwa na chini ya mkufunzi, bila kukwama hata mara moja. Si nyuma ya nyumba, si shambani kwa shemeji, si kando ya ziwa la Nyarutarama. Asiyeweza kumudu risasi hizo 50 hawezi kumudu bastola.

Wengine watanikumbusha Westgate. Ni kweli, Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo lile la maduka jijini Nairobi, raia wenye bastola zenye leseni walikuwa miongoni mwa waliowahi kuingia ndani kuokoa watu. Ninawavulia kofia. Lakini anayeutaja mfano huo ajiulize kama yeye angeingia pale na bastola ambayo risasi yake ya pili haiingii chemba. Ushujaa ni wa mtu, na chuma hakiufuati kama hakikutunzwa.

Wapo pia wanaopendekeza rivolva, ile ya mzingo. Hawakosei sana. Rivolva haina magazini, kwa hiyo maradhi mengi niliyoyataja haiyajui, na ndiyo sababu wazee wengi wa zamani waliipenda. Hata hivyo hubeba risasi chache, kifyatulio chake ni kizito kwa asiye na mazoezi, na haimwondolei mwenyewe wajibu wa kufunga silaha yake kwenye kasha la chuma.

Nageukia mamlaka. Mwaka 2016 Tanzania iliendesha uhakiki wa silaha zilizo mikononi mwa raia. Desemba 2018 Kenya iliamuru wamiliki wote wenye leseni wakaguliwe upya. Mazoezi yote mawili yalikuwa ya lazima na nayaunga mkono. Lakini katika mijadala ya wakati ule maswali makubwa yalikuwa ya karatasi na tabia: nani anamiliki, kwa kibali gani, ana rekodi gani. Ni maswali mazuri. Napendekeza liongezwe la tatu, nalo ni hali ya chuma chenyewe na mkono unaokishika. Kila kibali kinapohuishwa, mwenyewe aifungue bastola yake mbele ya mkaguzi, aifunge, aeleze anafanya nini ikikwama, kisha aipige kwenye uwanja wa serikali. Bastola itakayokwama iende kwa fundi anayetambuliwa, na irudi kwa mwenyewe baada ya kufaulu. Mmiliki atakayeshindwa apewe mafunzo, na akishindwa tena kibali kikome.

Kuna atakayesema huo ni usumbufu. Dereva wa basi la abiria hupeleka gari lake kukaguliwa, na hakuna anayemwonea huruma, kwa sababu breki zikikatika watakaokufa ni wengine. Bastola iliyokwama mezani nayo haichagui wa kumpata. Inaweza kumpata yaya aliyekuja kuondoa vyombo.

Kwa wenzangu wa Nyarutarama nina ombi la mwisho. Mwenye bastola halali iliyowahi kukwama hata mara moja, wiki hii aitoe magazini, ahakikishe chemba ni tupu, aifungie kwenye kasha, na awaone wanaohusika kabla ya kuipakia tena. Na usiku utakaposikia kishindo getini, kabla hujafikiria kasha hilo, piga 112, kisha uwakusanye watoto katika chumba kimoja. Simu hiyo nayo ijaribiwe mapema: uwe na chaji, na kila aliye ndani ya nyumba aijue namba.